Shahidi mwongo katika riwaya ya mahakamani: namna ya kumjenga, kumfumua na kumlipisha

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa mwandishi wa riwaya ya mahakamani hilo ni tatizo la kazi: una kurasa 300 za kujaza, na mwongo wako akinaswa ukurasa wa 40 huna kitabu. Kazi yako ni kuirefusha njia hiyo bila kuwafanya hakimu, mawakili na msomaji waonekane mabwege.

Maelekezo haya ni ya riwaya inayotendeka Tanzania Bara. Ukiihamishia Mombasa au Kisumu mengi yatabaki yalivyo, maana sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania zina asili moja, lakini vyeo na namba za vifungu hubadilika. Zanzibar ina sheria na mahakama zake, usichanganye.

Anza na faida

Kabla hujaandika neno moja la uongo, andika anachokipata mwongo. Usiandike "tamaa". Andika nyumba ipi, iko mtaa gani, ina wapangaji wangapi, kodi inaingia mkono wa nani, na nini kitampotea akisema kweli. Uongo wa mahakamani ni biashara, na biashara ina hesabu. Hesabu ikiwa ndogo, msomaji hataamini kwamba mtu mzima amesimama akashika msahafu kwa ajili yake.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Mzee Salim wa Makorora, Tanga, amefariki Aprili 2016. Ameacha nyumba ya vyumba sita na binti mmoja, Mwanaidi. Hamisi, mtoto wa kaka yake, ambaye Mzee Salim alimlea, anatoa hati ya mauziano inayosema marehemu alimuuzia nyumba hiyo tarehe 14 Machi 2001. Hati ni ya kughushi. Shauri liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa hiyo anayesikiliza ni mwenyekiti akiwa na wazee wa baraza, na anaitwa "Mheshimiwa Mwenyekiti". Ukiandika "jaji" hapo, wakili yeyote atakayekusoma atafunga kitabu.

Sasa swali linalofaa kukaa nalo siku mbili: Hamisi aliamua lini kudanganya? Jibu zuri ni kwamba hakuamua msibani. Msibani alitarajia kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na akikamata usimamizi, nyumba ingekuwa mikononi mwake bila hati yoyote. Ukoo ukamteua Mwanaidi. Hati "ikapatikana" miezi minne baadaye. Uongo uliozaliwa hivyo una kovu: kuna kipindi ambacho Hamisi aliishi kama mtu asiye na hati, na katika kipindi hicho alisema na kusaini mambo. Riwaya yako yote iko hapo.

Daftari la uongo

Fungua daftari la pembeni, lisiloingia kwenye kitabu. Kila mara mwongo anapozungumzia jambo lenye mgogoro, andika mambo matano: tarehe, alisema nini, alimwambia nani, iliandikwa wapi, na nani ana nakala. La Hamisi linaweza kuwa hivi:

- 4 Juni 2016, kikao cha ukoo baada ya arobaini. Orodha ya mali inasomwa, nyumba ya Makorora ikiwemo. Hamisi anasaini mahudhurio, namba 4. Nakala: mahakamani na kwa Mwanaidi.
- Oktoba 2016, anamwonyesha hati mpangaji wa chumba cha mbele na kudai kodi. Hakuna maandishi, yupo mpangaji.
- Novemba 2016, anafungua maombi barazani kwa maandishi na kuambatisha hati.
- Siku ya ushahidi, anasimulia kwa mdomo.

Mistari minne tu, na tayari wa kwanza unagombana na wa tatu. Ukiwa na kesi ya jinai, badala ya muhtasari wa ukoo utakuwa na maelezo ya shahidi aliyoandikisha polisi. Shahidi wa jinai hafiki kizimbani akiwa mtupu. Ameshasema mara moja mbele ya mpelelezi, na maelezo hayo yana saini yake. Kwenye kesi za mauaji maelezo ya mashahidi husomwa mahakama ya chini kabla shauri halijapelekwa Mahakama Kuu, na shahidi ambaye hakuwa kwenye orodha haletwi bila taarifa ya maandishi kutolewa upande wa pili. Kwa hiyo yule shahidi wa ghafla anayesukuma mlango dakika ya mwisho huku watu wakishika vichwa, mwache kwenye filamu.

Kosa la kawaida la waandishi ni kumfanya shahidi aseme uongo mtupu. Waongo wa kweli hawafanyi hivyo. Huchukua siku iliyotokea kweli, yenye mvua yake na wageni wake, wakapachika ndani yake jambo moja. Hamisi kweli alikwenda kwa Mzee Salim siku ile ya Machi 2001. Kweli walikula pamoja. Kweli alimpa fedha, ila zilikuwa za dawa. Kila utakachomhoji kuhusu siku hiyo atajibu vizuri kwa sababu anakikumbuka. Uongo umekaa kwenye neno moja tu: "nyumba".

Na mashahidi wa hati yake? Mmoja amekufa, mwingine yuko Muscat na hapokei simu. Wanaoghushi wanapenda saini za marehemu.

Tarehe zinazoongea zenyewe

Hapa ndipo mwandishi wa Kitanzania ana utajiri ambao wengi hawautumii. Karatasi iliyorudishwa nyuma kwa miaka hubeba vitu ambavyo havikuwepo siku hiyo, na mwongo huviandika kwa mazoea bila kuvitazama. Chagua kulingana na mwaka wako:

Namba ya simu. Vodacom ilianza huduma nchini mwaka 2000 kwa namba zinazoanza na 0744. 0754 ilikuja baadaye, katikati ya muongo. Hati ya 2001 yenye 0754 chini ya jina la muuzaji imeandikwa na mtu anayeishi miaka mingine.

Mkoa. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianza kuwa mikoa mwaka 2012, Songwe 2016. Hati ya 2008 inayotaja "Mkoa wa Geita" imejikaanga.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mkataba wa 2005 hauwezi kuwa nayo. Mamlaka yenyewe iliundwa 2008.

Malipo. M-Pesa ilianza Tanzania 2008. Sarafu ya shilingi 500 ilitoka 2014. Shahidi anayekumbuka chenji ya sarafu hiyo mwaka 2011 anakumbuka asichokiona.

Mwenyekiti wa mtaa. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi, kwa kuwa karibu kila hati ya mauziano ya mtaani ina muhuri wa serikali ya mtaa na saini ya mwenyekiti. Uchaguzi wa serikali za mitaa umekuwa ukifanyika kila miaka mitano: 1999, 2004, 2009, 2014, 2019, 2024. Hati ya Machi 2001 lazima isainiwe na mtu aliyekuwepo tangu uchaguzi wa 1999. Hamisi alikwenda kwa mwenyekiti mstaafu anayemfahamu, akampa cha mkononi, mzee akasaini. Mzee huyo alichaguliwa 2004.

Mwezi mwandamo. Kwa kesi ya usiku, shahidi anaposema alimtambua mwizi kwa mbalamwezi, fungua kalenda ya Kiislamu. Tarehe 14 au 15 mwezi huwaka usiku kucha. Tarehe 3 umeshazama mapema. Tarehe 27 haupo kabisa saa tatu usiku. Utachomoza alfajiri ikikaribia. Mpangilie tukio usiku wa kuamkia 27 Ramadhani, usiku ambao Waislamu wote kijijini wanaukumbuka, kisha mwache aseme kulikuwa na mbalamwezi. Hila hii si ngeni: Abraham Lincoln, akiwa bado wakili Illinois, alimvunja shahidi kwa almanaki mwaka 1858. Kwetu haihitaji almanaki. Inamhitaji mzee wa baraza aliyekuwa amefunga.

Utambuzi wa usiku, kwa njia, una kipimo chake tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alimfahamu kabla. Wakili wako wa utetezi aulize hayo moja moja, kwa hatua na dakika. Na aulize jambo la tano: ulimtaja kwa nani kwanza, na baada ya muda gani? Aliyemwona mwizi Jumatatu akamtaja Ijumaa ana kazi ya kueleza siku nne.

Tumia makosa mawili kwa kila hati, basi. Ukirundika namba ya simu, mkoa, NIDA na muhuri kwenye karatasi moja, Hamisi amekuwa mjinga na wakili wake amekuwa mjinga zaidi kwa kuileta.

Mdomo uliofundishwa

Shahidi aliyefundishwa hutambulika kwa lugha. Muuza samaki wa Deep Sea, Tanga, anayesema "mnamo majira ya saa mbili usiku nilimshuhudia mtuhumiwa kwa macho yangu mawili" haongei; anasoma maelezo ya polisi yaliyo kichwani mwake. Akisimulia mwenyewe angesema "watu walikuwa washaswali isha, mie namaliza kukunja turubai". Weka mashahidi wawili wasiofahamiana watumie maneno yaleyale matatu kwa mpangilio uleule, na usimweleze msomaji lolote. Atasikia.

Kinyume chake pia ni cha thamani: mkweli anayeonekana mwongo. Njia ya kwanza ya kumjenga ni saa. Shahidi anasema "saa nane usiku". Kabla ya marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, shahidi aliongea Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza kwa mkono wake, tena kwa mtindo wa masimulizi, si swali na jibu. Saa nane ya usiku ikiandikwa nane ya Kizungu, ushahidi umesogea saa sita, kutoka usiku wa manane hadi baada ya magharibi. Riwaya iliyowekwa 1997 inaweza kumfunga mtu asiye na hatia kwa kosa hilo la kalamu, na wakili wa rufani akaligundua miaka mitano baadaye. Mahakama ya Mwanzo ilitumia Kiswahili siku zote, kwa hiyo huko hila hii haifanyi kazi.

Tofautisha pia mkanganyiko mdogo na mkubwa. Mahakama zetu hazimtupi shahidi kwa sababu alisema shati la bluu na mwenzake akasema kijani, binadamu husahau. Zinamtupa mkanganyiko ukigusa mzizi wa shauri. Na shahidi huanza akiwa anaaminika, mpaka pawe na sababu nzito ya kutomwamini. Mwongo wako anaingia kizimbani akiwa mbele kwa bao moja.

Kizimbani

Utaratibu ni mfupi. Shahidi hutaja jina, umri, kazi, makazi na dini. Mkristo huapa kwa Biblia, Mwislamu huthibitisha akiwa na Kurani. Huongozwa na wakili wa upande wake, ambaye haruhusiwi kumwekea jibu mdomoni kwenye jambo lenye mgogoro. Kisha hudodoswa na wakili wa upande wa pili, ambaye anaruhusiwa. Kisha wakili wake hurudi kufafanua yale tu yaliyoibuka kwenye dodoso. Jopo la wananchi la kutoa hukumu halipo. Wapo wazee wa baraza katika baadhi ya mashauri, nao hutoa maoni. Mawakili wanasimama kwenye meza yao, hawamzunguki shahidi kama kunguru. Nyundo sahau.

Ukitaka kumpinga shahidi kwa maandishi yake mwenyewe, lazima kwanza aonyeshwe sehemu inayopingana na anachosema, asomewe au aisome, ndipo karatasi ipokewe kuwa kielelezo. Hatua hii waandishi huiruka wakidhani inachelewesha. Ndiyo inayotia presha. Tazama wakili wa Mwanaidi:

— Bwana Hamisi, na marehemu mlikuwa mkielewana?
— Sana. Baba yangu mdogo, lakini ndiye aliyenilea.
— Kwa hiyo vikao vya ukoo hukosi.
— Siwezi kukosa.
— Cha baada ya arobaini?
— Nilikuwepo mpaka pilau ikaliwa.
— Orodha ya mali alisoma nani?
— Mzee Shabani.
— Ulimsikia vizuri?
— Nilikaa naye mkeka mmoja.
— Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba shahidi aonyeshwe muhtasari wa kikao. Saini namba 4 ya nani?
— Yangu.
— Soma mali namba 2.
— Nyumba moja, Makorora.
— Nahamia jambo jingine.

Hesabu maswali yaliyotangulia karatasi: matano, yote ya upole, yote yakimpandisha hadhi. Kila jibu limefunga mlango mmoja. Hawezi tena kusema hakuwepo, aliondoka mapema, au hakusikia. Kisha angalia swali ambalo halikuulizwa: "Kwa nini hukusema kwamba nyumba ni yako?" Ukimuuliza mwongo kwa nini, umempa kiti akae. Wakili aliyebobea anaacha ukimya, mwandishi aliyebobea pia.

Lakini wakili wa Hamisi si mzigo. Kwenye ufafanuzi anauliza hilohilo, na Hamisi anajibu: "Niliona haya kudai nyumba mbele ya wafiwa." Jibu zuri! Mzee mmoja wa baraza anatikisa kichwa kwa kuelewa. Uongo umefufuka, nawe umepata sura tatu nyingine kabla muhuri wa mwenyekiti wa mtaa haujaletwa. Pigo la kwanza lisiue.

Jihadhari na mambo mawili hapa. Jambo zito ambalo wakili hakulidodosa huchukuliwa kuwa amelikubali, kwa hiyo usimwache wakili mahiri akiruka uongo mkubwa bila sababu utakayoionyesha baadaye. Na jasho la shahidi halifiki rufani: anayemwona akimeza mate ni wa kwanza kusikiliza, mahakama ya juu inasoma mwenendo wa shauri kwenye karatasi. Kama ushindi wako umejengwa juu ya macho yaliyokwepa, utavunjika kwenye rufani.

Malipo

Kutoa ushahidi wa uongo katika shauri, kwa kujua, juu ya jambo lenye uzito kwenye shauri hilo, ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake hufika miaka saba jela. Aliyemshawishi yuko kapu lilelile. Aliyetengeneza ushahidi wa uongo, vilevile saba. Kenya nako ni saba. Mtu hatiwi hatiani kwa kosa hili kwa neno la shahidi mmoja peke yake. Hiyo ni sababu mojawapo ya wewe kumweka yule mpangaji wa chumba cha mbele kwenye daftari mapema.

Mgeuko mkali zaidi uko kwenye karatasi. Hamisi anaogopa kiapo, halafu anaambiwa na wakili wake, kwenye veranda, kwamba kughushi wosia au hati ya kumiliki ardhi kunaweza kufika kifungo cha maisha. Je, hati ya mauziano ya mtaani inahesabika kuwa hati ya kumiliki? Wape mawakili wawili wabishane kuhusu hilo kwa kurasa tatu.

Usimfunge haraka, hata hivyo. Barazani Hamisi anashindwa shauri na kuamriwa kulipa gharama, basi. Kesi ya jinai ni jalada jipya: polisi, upelelezi, kutajwa na kutajwa tena. Mashtaka ya ushahidi wa uongo hayafunguliwi kila mtu anapodanganya, na riwaya inayowakamata waongo wote mlangoni mwa mahakama haijawahi kukaa kwenye benchi la mahakama. Wakili aliyejua hati ni ya kughushi akaileta ana hofu yake tofauti: Kamati ya Mawakili na jina lake kuondolewa kwenye orodha. Kama kesi yako ni ya mauaji, kumbuka adhabu ya kifo ipo na hutamkwa, lakini haijatekelezwa nchini tangu 1994. Mtu wako wa 2015 aliyeponzwa na shahidi mwongo atakaa gerezani akisubiri, hatanyongwa Alhamisi ijayo.

Malipo ya ukoo huja mapema kuliko ya serikali, na ndiyo yanayoandikika vizuri zaidi. Msiba mwingine unatokea Makorora. Hamisi anakwenda, anapewa mkono, anakula. Kinakuja kikao cha baada ya arobaini. Karatasi ya mahudhurio inazunguka mkeka kwa mkeka na kalamu yake ya bluu, na kijana anayeigawa, ambaye hata hakuzungumziwa tangu sura ya kwanza, analiruka goti la Hamisi na kumpa anayefuata. Mpe tukio hilo nusu ukurasa. Usimpe Hamisi neno la kusema.